Bunduki Iliyomzeesha Mume Wangu

Mume wangu alianza kukosa shabaha mwaka uleule aliostaafu, na kwa kuwa mambo hayo mawili yalikuja pamoja, sote tuliyaunganisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kuyaunganisha.

Alikuwa fundi wa karakana ya reli hapa Tabora, mtu wa spana na grisi, na tangu nimjue alikuwa na kitu kimoja tu alichokipenda nje ya kazi na nyumba yake. Kila kiangazi, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, alikwenda ofisi za wilaya pale Isikizya kukata leseni ya mwindaji mkazi, akaomba likizo ya siku chache, akaingia porini upande wa Uyui pamoja na rafiki yake, mwenye bucha wa hapa Isevya tunakoishi. Hawakuwa watu wa kujisifu. Walirudi na swala pala mmoja, pengine wawili kama leseni iliruhusu, na nyama ikagawanywa mtaani kabla sijapata nafasi ya kuchagua sehemu yangu. Mwenye bucha alikuwa mkali katika jambo moja: mnyama alitaka amkute bado ana uhai, amchinje kwa mkono wake. Kwa hiyo mume wangu alizoea kunyatia hadi karibu sana, akapiga risasi moja, halafu wote wawili wakakimbia, mmoja na bunduki na mwingine na kisu. Wakiwa na umri wa miaka hamsini na kitu walikuwa bado wanakimbia hivyo, na wakirudi wananisimulia huku wakigombana nani alifika wa kwanza.

Bunduki aliyokuwa akitumia ilikuwa ya baba yake mkubwa. Ilikuwa nzito, na mbao yake imegeuka nyeusi kwa jasho la mikono ya watu wawili. Haikuwahi kumsumbua. Kilichoisha ni risasi. Saizi ile haikuletwa tena nchini, au ililetwa kidogo sana, na kila duka aliloulizia walimjibu vilevile: mzee, hizo hatuna, na hatutegemei kupata. Alibakiwa na boksi moja, akazitumia kwa miaka minne kama mtu anayetumia dawa ya bei mbaya. Zilipobaki mbili alikwenda polisi, akafuata taratibu zote, akaikabidhi. Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa amebeba mkanda wake wa ngozi wa kuning'inizia begani tu, akautundika kwenye msumari jikoni.

Alipostaafu akanunua mpya. Alikwenda Dar es Salaam akiwa na barua zake zote, akachagua ile ambayo mfuko wake uliiweza. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, na nadhani hata nikiitaja haitasaidia, maana nilikuja kuambiwa kwamba zinafanana.

Siku alipoifungua sebuleni nilikuwa nimekaa kwenye cherehani changu. Mimi ni fundi wa nguo, nashona barazani mvua zikiwa mbali na sebuleni zikija. Aliitoa kwenye boksi kwa mikono miwili kama anatoa mtoto kwenye beseni.

"Angalia ilivyo nyepesi," akaniambia. "Nitatembea nayo siku nzima."

Nikaishika. Kitako chake, yaani ile sehemu ya kuegemeza begani ambayo inaendelea mbele hadi chini ya mtutu, kilikuwa plastiki nyeusi, na katikati kulikuwa na mstari pale vipande viwili vilipounganishwa, kama mstari ule unaouona kwenye ndoo. Akavuta bolti ya kuingiza risasi. Ililia kama mchanga kwenye meno.

"Mbona inakwaruza?" nikauliza.

"Mpya hiyo. Itajizoesha."

Nilikuwa na cherehani kipya nacho kwenye kona, nilichokinunua miaka miwili kabla, cha umeme, chepesi, na tulikuwa tumeshakizoesha mpaka tumechoka. Kilikuwa kinakata uzi na kuvuta kitambaa upande. Nilikuwa nimerudi kwenye kile changu cha zamani cha kukanyaga. Lakini sikutaka kumharibia mtu furaha yake, nikamwambia hongera.

Safari ya kwanza walirudi mikono mitupu. Hilo halikuwa jambo geni. Safari ya pili walirudi mikono mitupu pia, na mwenye bucha alipoingia kunisalimia alikuwa na haraka ya kuondoka.

"Upepo, shemeji," akasema. "Mwaka huu porini kuna upepo mbaya."

Mume wangu alikuwa anafua soksi zake uani. Alisema bila kugeuka, "Hakukuwa na upepo."

Baadaye akanieleza. Swala pala alikuwa amesimama ubavu, umbali ambao zamani angempiga huku anapiga chafya. Risasi ikapita mbele ya kifua chake ikapasua gome la mti. Akakoki, akapiga tena, ikaenda mbali zaidi. Siku ya pili alivuta triga ikasema "ka!" na hakuna kilichotoka. Siku ya tatu vumbi liliingia kwenye bolti ikakataa kufunga hadi aipige kwa kiganja. Hayo ya triga na vumbi aliyasimulia harakaharaka, kama mambo madogo. Kilichomkaa rohoni ni zile risasi zilizokwenda pembeni.

"Mkono," akasema, akiunyoosha mbele yangu. "Umeanza kutetemeka."

Nikauangalia. Sikuona ukitetemeka, lakini ni nani anayemwangalia mumewe mkono kila siku hata ajue?

Safari ya tatu ndiyo iliyomwangusha. Walimkuta kongoni dume peke yake kwenye mbuga ndogo. Mume wangu alipiga risasi ya kwanza, ikampata chini, nyuma sana, mahali pasipoua. Akapiga ya pili na ya tatu, na zote hazikumgusa. Mnyama akaondoka anachechemea. Walifuata damu siku ile nzima na kesho yake hadi adhuhuri, inzi wa ndorobo wakiwala shingo, hadi walipofika kwenye mawe ambapo alama zilipotea. Mwenye bucha ndiye aliyesema turudi. Mume wangu alisema hapana mara tatu, halafu maji yakaisha.

Nyumbani hakula. Alikaa kwenye mkeka akaniuliza.

"Atakuwa amekufa saa hizi, au bado?"

"Sijui, baba watoto."

"Na mimi sijui," akasema. "Hilo ndilo tatizo."

Akaiweka bunduki kwenye kabati la chuma, akafunga, akanikabidhi funguo mimi, jambo ambalo hata sheria hairuhusu. Nilimrudishia. Akaziweka mfukoni na hakulifungua tena kwa miezi mingi.

Sasa nataka kueleza kilichofuata, kwa sababu watu wengi wakisikia habari hii hudhani ni habari ya bunduki tu. Mume wangu alianza kuzeeka. Simaanishi mvi, mvi alikuwa nazo. Alianza kuacha vitu kimoja kimoja. Alikuwa akitengeneza baiskeli za majirani jioni, kwa kujifurahisha tu, akaacha. Alisema asije akafunga nati vibaya mtu akaanguka. Pikipiki yake akamkabidhi mkwe wetu. Akienda dukani alianza kuandika hata vitu viwili tu kwenye karatasi. Msikitini kuna viti vichache vya plastiki nyuma kwa wazee wasioweza kusujudu. Ijumaa moja mtu akamsogezea kimoja kwa heshima tu, na yeye akakaa. Aliponisimulia nilitaka kulia. Magoti yake yalikuwa mazima kabisa. Asubuhi ile alikuwa amepanda juu ya bati kuziba tundu.

Alikwenda hospitali kupima macho. Daktari akamwambia macho ya mbali hayana shida ya kutisha kwa umri wake, akampa miwani ya kusomea. Mume wangu aliamini kwamba daktari amemwonea huruma.

"Wanasemaga hivyo," akaniambia. "Mtu mzima hawamwambii ukweli."

Watu nao walikuwa wema kwake, na wema huo ulizidi kumdidimiza. Mwenye bucha aliacha kuzungumzia porini akija kwetu. Alizungumzia mpira, bei ya ng'ombe mnadani, chochote. Vijana wa mtaani walikuwa wanamwamkia kila siku, shikamoo, naye anaitika marahaba kwa sauti ya kazini, lakini sasa waliinama zaidi na kumpokea mizigo, naye akaanza kuwaachia.

Mwaka ukapita. Msimu mwingine ukafunguliwa. Mwenye bucha akaja kwangu, si kwake, akasimama kwenye baraza nikiwa nashona sare.

"Shemeji, huyu mtu tutampoteza hivihivi tunamtazama."

"Nifanye nini?"

"Mwambie akate leseni. Hata tusipoua kitu. Tukatembee."

Nilimwambia. Akakata, kwa kunitii mimi, ila hakuonyesha dalili ya kwenda. Leseni ilikaa kwenye droo pamoja na bobini zangu.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa na gauni la bibi harusi, kitambaa chembamba sana, na sindano niliyotumia ilikuwa ile ndogo kabisa ambayo tundu lake hata mchana mweupe unalitafuta. Uzi ulikuwa umekatika kwa mara ya tano na macho yangu yamechoka. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango akisoma gazeti la juzi.

"Nitungie uzi hapa," nikasema, bila kufikiri.

Akainuka, akaja na ile miwani ya kusomea, akainama kwenye cherehani. Akaulamba uzi, akaupeleka. Ukaingia mara ya kwanza. Akauvuta kwa nyuma, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilibaki na mguu juu ya pedali. Mimi nimeshona kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimewahi kuwa na wasaidizi wenye miaka ishirini walioshindwa kutunga uzi kwenye sindano ile.

"Baba watoto," nikasema, "hebu rudia."

"Umekatika?"

Nikauchomoa. "Ndiyo."

Akarudi, akatunga tena. Mara moja.

"Mkono wako hautetemeki," nikamwambia.

Akavua miwani, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Akasema, "Bunduki si sindano."

"Najua. Nataka nikuone unavyopiga."

Alikataa kwa wiki nzima. Alisema pori si mahali pa mke wa mtu, akasema kuna ndorobo, akasema mguu wangu utauma. Nilimjibu kila moja. Mwishoni mwenye bucha alikuja na gari la mizigo la ndugu yake, akapakia maji na turubai, akaketi kwenye usukani akapiga honi mbele ya nyumba mpaka majirani wakatoka. Mume wangu akaona aibu, akapanda.

Tulipita kwanza kwa askari wa wanyamapori tukamweleza kwamba siku hiyo hatuwindi, tunapima bunduki. Alikagua leseni na kibali, akatuelekeza kwenye kichuguu kikubwa chenye upana wa nyumba, akatuonya tusipige juu yake. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, baridi bado iko kwenye majani, na kwenye miti ya miyombo kuna mizinga ya nyuki ya watu imening'inizwa. Nilikuwa nimekuja na kipande cha bitana nyeupe cha mita moja. Nikachora duara kwa chaki katikati, dogo kama kisahani, tukakikaza kwenye kichuguu kwa vijiti.

Mume wangu alilala kifudifudi nyuma ya gogo, akaegemeza bunduki juu yake. Akapiga.

Tulikwenda wote watatu kutazama. Tundu lilikuwa ndani ya duara, karibu na katikati. Mwenye bucha akashangilia kwa sauti mpaka ndege wakaruka.

"Bahati," akasema mume wangu.

Nikachoma pini yenye uzi mweupe pale. Akarudi akapiga ya pili. Ilikuwa nje ya duara, kulia, vidole vinne. Nikachoma pini ya uzi mwekundu. Ya tatu ikaenda kulia zaidi na juu, kiganja kizima. Nikachoma pini ya uzi mweusi. Mwenye bucha hakushangilia tena, akaanza kukagua soli ya kiatu chake.

"Umeona?" akasema mume wangu. Alisema kwa upole, kama anayenifariji mimi. "Ya kwanza najikaza. Halafu mkono unachoka."

"Ngoja ipoe," nikasema.

"Nini?"

"Bunduki. Ngoja ipoe."

Sikuwa najua lolote kuhusu bunduki. Nilichokuwa nakijua ni kile cherehani changu kipya. Kilikuwa kinaanza vizuri kila asubuhi, na baada ya nguo mbili tatu kikishapata joto kinavuta kitambaa kulia. Kulia tu, kila siku kulia. Mwanzoni nilidhani ni mkono wangu unaosukuma.

Tulikaa juu ya turubai, tukanywa chai ya chupa, tukala michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Niliweka mkono kwenye mtutu mara mbili kusikia joto lake. Ulipokuwa baridi kabisa nikamwambia apige tena tatu. Ya kwanza ikaingia ndani ya duara, jirani na pini nyeupe. Ya pili kulia, jirani na nyekundu. Ya tatu kulia na juu, jirani na nyeusi.

Mwenye bucha alinyoosha kidole akahesabu pini kama anahesabu mbuzi. Halafu akamgeukia rafiki yake.

"Mkono unaotetemeka," akasema polepole, "hauwezi kutetemeka upande mmoja."

Mume wangu alikuwa ameshapiga magoti, bunduki tupu mapajani, anaitazama kwa jicho lililokuwa limepotea mwaka mzima, jicho lake la karakana. Akapitisha ukucha kati ya mtutu na ile plastiki ya chini.

"Una karatasi?" akaniuliza.

Nilikuwa na karatasi nyembamba za kukatia mitindo kwenye mkoba. Nikachana utepe, akauzungusha chini ya mtutu, akaanza kuuvuta kurudi nyuma kati ya chuma na plastiki. Upande wa kulia ulipita. Upande wa kushoto ukafika katikati ukanasa.

"Inagusa hapa," akasema. "Haitakiwi kugusa. Mtutu ukitaka kutanuka kwa joto, plastiki inausukuma." Akamwita mwenye bucha. "Njoo uweke kwenye gogo, ukandamize kidogo. Kama mtu anayelenga."

Mwenye bucha akaegemeza, akakandamiza. Ile plastiki ilijikunja mbele ya macho yetu, kidogo tu, kama ubavu wa kopo. Mume wangu akavuta karatasi. Ikachanika mkononi mwake. "Porini nakandamiza zaidi ya hivi," akasema, "ndiyo maana hata ya kwanza ilikosa."

Nilitegemea afurahi. Nilikuwa tayari nimeanza kucheka mwenyewe. Yeye alisimama, akaenda hadi kwenye kichuguu akakaa huko ametupa mgongo, na mwenye bucha akanishika mkono nisimfuate. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Yule kongoni," akasema. "Nilidhani nimezeeka, nikajisamehe. Mzee hukosa. Sasa najua nilikuwa mzima. Nilitakiwa kuijaribu hii kitu kabla ya kumpelekea mnyama. Fundi mzima, nilifungua boksi nikaamini."

Mwenye bucha akamwambia, "Ulinunua mpya dukani, bwana. Nani hujaribu kitu kipya?"

"Mimi," akasema mume wangu. "Nilikuwa najaribu kila kitu. Kazi yangu ilikuwa hiyo."

Tulipofika mjini alibeba maji mwenyewe kutoka kwenye gari. Wiki iliyofuata akamwomba mkwe wetu pikipiki yake.

Alipokwenda Dar kumwona binti yetu mdogo alipitia lile duka. Mimi nilitaka agombe. Nilimwandalia hata maneno. Aliporudi nilimuuliza walimjibu nini.

"Nilimkuta mama mmoja wa makamo," akasema. "Mtu mwema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wapo wengi wanaorudi na malalamiko kama yangu. Akasema anaweza kunibadilishia, lakini atanipa nyingine ileile, na hawezi kuniahidi itakuwa bora."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamuuliza kwa nini wasilete nzuri. Akanionyesha nzuri. Ilikuwa ukutani, mbao, chuma kimepigwa msasa kama kioo. Akasema iko hapo mwaka wa tatu. Kila anayeingia anaishika, anaisifu, ananunua ile ya plastiki. Hata mimi nilifanya hivyohivyo."

"Kwa hiyo hukugomba."

"Ningemgombeza nani? Huyo mama? Au yule huko kiwandani anayemwaga plastiki kwenye umbo siku nzima?"

Nilitazama sare za shule zilizokuwa mapajani mwangu. Kila Januari wazazi wanakuja, wanauliza kama ninaweza kupunguza, nami napunguza. Napunguza kwenye uzi, kwenye upana wa pindo, kwenye vifungo. Najua kabisa kifungo gani kitang'oka kabla ya Pasaka. Nashona hivyohivyo, kwa sababu mtoto lazima aende shule na mama yake ameleta alichonacho. Sijawahi kukifurahia kifungo hicho, lakini nimekishona.

Tuliipeleka bunduki kwa fundi mwenye kibali, Mwanza, baada ya kupata barua ya polisi. Tulipanda treni, tukapita Bukene ambako mume wangu alishuka kuninunulia mahindi ya kuchoma, akapanda tena treni ikiwa imeanza kutambaa huku akicheka. Fundi yule aliitazama bunduki kama daktari aliyekwishaona wagonjwa wengi wa homa moja.

"Zamani nilikuwa natengeneza bunduki zilizochakaa," akatuambia. "Siku hizi natengeneza mpya."

Akaikwangua ile plastiki kwa ndani, akaongeza kitu cha kuikaza isijikunje, akabadilisha springi iliyokuwa dhaifu, akasafisha bolti kwa siku mbili. Alisema itapiga sawa, lakini isitegemewe kama ile ya zamani. Chuma chenyewe ni chepesi na bunduki haitadumu hadi kwa wajukuu. Mume wangu akasema wajukuu wake hawana haja nayo, wanataka simu.

Aliwinda mara moja tu baada ya hapo. Kabla ya kwenda alipiga kwenye bitana yangu risasi kumi na mbili kwa siku mbili tofauti, akaniletea kitambaa nikikague, nami nikakikagua kwa futi ya kupimia kama ninayepokea kazi ya mtu. Porini alipiga risasi moja, swala pala, na wakakimbia. Mwenye bucha alifika wa kwanza, na safari hii mume wangu hakubisha. Nyama ikagawanywa kama kawaida. Leseni ya mwaka uliofuata hakukata. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya kongoni, akasema kwa sehemu, na kwa sehemu amechoka tu na ndorobo.

Sijui nani alieneza habari. Nadhani mwenye bucha, kwa kuwa anaongea na kila anayenunua hata robo ya nyama. Watu wakaanza kuja. Wanatoka Nzega, Igunga, mmoja alitoka mbali kuliko huko, wote watu wa mashamba na mifugo wenye vibali vyao. Mume wangu hashiki spana, hana leseni ya ufundi huo, na hilo anawaambia mlangoni. Anatazama tu, anauliza maswali, halafu anawaelekeza kwa fundi wa Mwanza.

Namkumbuka mfugaji mmoja wa Igunga, mtu mzima mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyefika asubuhi akanisalimia Kisukuma, mwangaluka, kisha akaomba radhi akarudia kwa Kiswahili. Fisi walikuwa wameingia zizini mwake mara tatu, na mara tatu amewakosa akiwa ameipumzisha bunduki juu ya boma. Watoto wake walikuwa wamekaa kikao wakaamua ng'ombe wagawanywe, baba amechoka. Alikuja na barua ya kibali kwenye mfuko wa plastiki na aibu yake yote usoni. Mume wangu alimsikiliza, akaitazama bunduki tupu, akampa yule mzee uzi na sindano yangu.

Yule mzee akatunga. Ilimchukua mara mbili, lakini alitunga.

"Rudi nyumbani uwaambie wasubiri kwanza," mume wangu akamwambia. "Tuanze na bunduki."

Mzee yule alicheka hadi akashika ukuta. Alikaa nasi hadi chakula cha mchana, akala wali na maharage, akanisimulia habari za kila ng'ombe wake kwa rangi.

Si wote wanaoondoka hivyo. Wengine bunduki yao haina kosa. Kosa ni la macho, au la mkono kweli, na mume wangu analijua mapema kuliko wao. Hao nao anawaambia. Huwa ananiomba nichemshe chai kwanza, anavuta kiti chake karibu, na mimi nasimamisha cherehani ili asihitaji kupaza sauti.